Siku Shangazi Alipotembea hadi Marble Arch

Mwaka niliokwenda London kumalizia riwaya yangu ya pili, nililala chumba cha nyuma katika fleti ya shangazi yangu, kwenye njia nyembamba inayotokea Edgware Road. Asubuhi niliandika. Mchana nilimsindikiza mazoezini, kwani alikuwa ametoka kupasuliwa nyonga. Kila aliponyanyuka kitini alikemea: "Haya, inuka, usinidekee." Siku za mwanzo nilidhani anasema na mimi. Alikuwa akisema na mguu.

Binti yake aliishi Hayes, karibu na uwanja wa ndege alikofanya kazi, na kila Jumapili alikuja kutuona. Alizaliwa London, Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Jumapili moja alimwambia mama yake kwamba ameshamtengenezea chumba cha chini nyumbani kwake. Fleti hii, yenye ngazi zake za kuua mtu, irudishwe kwa halmashauri iliyompangisha.

"Hayes nitakaa na nani?" shangazi akauliza. "Na ndege?"

Binti akajibu kwamba atakaa naye, na wajukuu.

"Wewe kutwa uko kazini, wajukuu wako skuli. Naona tumerudi palepale kwenye ndege."

Nilicheka peke yangu. Sote tulijua kuwa fleti ile ikisharudishwa, ndiyo imekwenda, hatapewa nyingine. Shangazi alikiweka kikombe chake chini polepole.

"Nyumba yangu ya Unguja niliihama baada ya Mapinduzi, na sikuulizwa," alisema. "Hii mtaniuliza."

"Mama, hata Marble Arch huwezi kufika kwa miguu," binti akasema, kwa Kiingereza chake cha haraka.

"Na nikifika?"

"Ukifika, ukapita chini ya lile tao la marumaru mwisho wa mtaa kwa miguu yako, bila basi wala kiti cha magurudumu, sitaitaja Hayes tena."

"Nisipopita, sanduku nitalifunga mwenyewe."

Tangu hapo mtaa ule mrefu ukawa kazi yetu. Kwanza tuliishia duka la tende. Kisha mkahawa wa Walebanoni, ambapo wazee walivuta shisha barazani na kumwamkia kwa Kiarabu. Kisha duka la manukato, ambalo alilichukia kwa sababu mwenye duka alimtolea kiti kila alipopita. "Simpi mtu faida ya kuniona nimekaa," aliniambia huku jasho likimtiririka chini ya mtandio. Riwaya yangu ilikuwa imekwama katikati, lakini niliona haya kulalamika mbele ya mguu ule. Tukirudi nyumbani niliketi nikaandika, hata kama ni aya moja mbovu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya kiangazi, jua limeenea mpaka kwenye vioo vya mabasi. Binti alitangulia akasimama ng'ambo ya tao, simu mkononi tayari kupiga picha. Sisi tulishuka na mtaa, yeye na mkongojo wake, mimi nyuma kidogo kwa sababu alinikataza kumshika. Mbele ya mkahawa mmoja walikaa wanawake wa Kiomani, wale wanaokuja kila kiangazi, na mmoja wao akamwita kwa Kiswahili cha Unguja kabisa:

"Safari ya wapi hiyo, bibi?"

"Naenda kuiokoa nyumba yangu," shangazi akajibu, wala hakusimama.

Tukavuka taa za mwisho, na lile tao likawa mbele yetu, jeupe, refu, limezungukwa na magari. Lilijengwa kuwa lango la kasri, baadaye wakalivunja jiwe kwa jiwe na kulijenga upya hapa, na kasri haikuja nalo. Nililitazama. Lango zima, la fahari, na nyuma yake hakuna hata chumba kimoja! Geti la katikati lilikuwa limefungwa siku hiyo, ila pembeni palikuwa wazi, na upepo ulipita humo ukitoka kwenye bustani ya jirani.

Hatua chache kabla ya kivuli chake, shangazi akasimama. Nilidhani mguu umegoma. Kumbe alikuwa anautengeneza mtandio.

"Hodi!" akaita.

Ng'ambo ya pili binti akacheka. Akasema kwa Kiingereza apite tu, hilo ni jiwe, halina mwenyewe.

"Mlango ni mlango," shangazi akamjibu. "Hodi!"

Hapo ndipo nilipoogopa. Namjua. Niliwahi kumwona akirudi kutoka mlango wa jirani na sahani ya biriani ya moto mikononi, na televisheni tunaisikia inanguruma ndani, kwa sababu hodi tatu hazikuitikiwa. Hakununa, alirudi tu. Na mimi nisingeweza kuitikia, maana nilikuwa mgeni mwenzake, nimesimama upande wake wa mlango.

Binti naye alijua. Kicheko kilimfutika usoni na simu ikateremka. Hakuhitaji kubishana tena. Angenyamaza tu, na mama angegeuka mwenyewe, na chumba cha chini kingepata mtu wake. Watalii walipita kati yetu wakipiga picha. Nilimkazia macho, hakunitazama. Alikuwa akiutazama ule mguu, jinsi ulivyotetemeka ndani ya kiatu na bado umesimama.

"Hodi," shangazi akasema mara ya tatu, kwa sauti ya chini, bila kubembeleza.

Basi moja likapita likinguruma. Lilipokwisha kupita, binti akafungua kinywa.

"Karibu," akasema. Kisha kwa nguvu zaidi, sauti imemkauka: "Karibu, mama. Pita."

"Starehe, starehe," shangazi akajibu, kama anayemzuia mwenye nyumba asijisumbue kuinuka. Akatanguliza mguu wa kulia na kupita, mkongojo ukigonga mawe.

Upande wa pili binti akamshika kiwiko, na safari hii hakukatazwa. Akarudi kwenye Kiingereza chake: atakuja fundi kuweka vyuma vya kushikia chooni, na hilo halina mjadala.

"Choo changu," shangazi akasema. "Lakini mwambie aje." Akaangaza huku na huku. "Haya, kituo cha basi kiko wapi?"

"Basi, mama?"

"Tulikubaliana kuja kwa miguu. Kurudi nani alikutaja?"

Tulirudi ghorofa ya chini ya basi, wao wamekaa, mimi nimesimama, na njia nzima hakuna aliyeitaja Hayes.