Jina la Ukurasa wa Kumi na Tisa

Sisimulii ndoto wala uvumi. Mkono ulioandika ni huu wangu, na ilikuwa saa nane mchana.

Nilikuwa nikimhudumia Bi. Fumiko, bibi Mjapani aliyepooza miguu, katika nyumba ya wazee kule Hopkins, huku ughaibuni. Baba yake alikuwa kasisi wa hekalu la Kibudha, katika mji uliojengwa chini ya ngome. Mimi napenda historia, basi nikishamwogesha yeye husimulia, mimi naandika. Hekalu liliwekwa ukingoni mwa mji ili adui akija akutane nalo kwanza. Liliungua mara mbili. Kengele yake ilichukuliwa wakati wa vita, ikayeyushwa. Kilichookolewa kila mara ni daftari la wafu: kurasa thelathini na moja, moja kwa kila siku ya mwezi. Kila asubuhi kasisi huwasoma waliokufa tarehe hiyo, si kwa majina ya duniani, bali kwa jina jipya ambalo kila marehemu hupewa.

Nikatengeneza daftari kama hilo, nikawaandika aliowakumbuka.

Tarehe kumi na tisa, theluji ikianguka, Bibi amelala, akaingia mzee mwenye joho jeusi. Ndara zake za majani zilikuwa kavu. Nilipaswa kushtuka, sivyo? Lakini kazi yetu wahudumu ni kuandika tunachoambiwa.

"Wawili wamesahaulika," alisema. Lugha gani, sijui, nilimwelewa. "Myoen, ukurasa wa leo. Jakusen, ukurasa wa saba."

Nikaandika. Kuinua macho, hayupo.

Bibi alipoamka nikamsomea.

"Nani kakupa la Myoen?" akauliza taratibu. "Baba alinichagulia nikiwa msichana, nilitumie nikifa. Aliye hai na anayelijua ni mimi tu."

Nilikimbia kumwita Moraa, nesi wa zamu. Akampima.

"Kaka, wewe na vitabu vyako! Presha yake iko poa kuliko yako."

"Usimcheke," Bibi akasema. "Ananiogopea mimi."

Nililikata jina kwa kalamu. Nikachana ukurasa. Niamini, sikuacha kitu. Kabla ya chakula cha jioni alikata roho, mkono wake ndani ya wangu.

Ukurasa wa saba sijauchana, na Jakusen ni jina la nani, sijui. Nimeshaona kuchana hakusaidii. Kila tarehe saba nawapigia wanangu simu, mmoja baada ya mwingine. "Dad, I'm fine," wananijibu. Mke wangu ananiuliza nina nini. Nimwambie nini?

Nawe, mgeni akikutajia jina uliandike, weka kalamu chini. Muulize kwanza ni la nani.