Sikio la Dokta Lwakatare

"Niwekeeni mtu yeyote nyuma ya pazia, aongee hata kama anaomba maji, nami nitawatajia kijiji alichonyonyea. Sijawahi kukosea."

Dokta Nestory Lwakatare aliyasema hayo redioni, asubuhi, Mwanza nzima ikiwa kwenye chai. Mtangazaji akacheka. Dokta hakucheka. Mhaya msomi akijisifu hatanii, anatoa taarifa.

Chuoni alifundisha fonolojia na mofolojia, yaani namna sauti za lugha zinavyojipanga na namna maneno yanavyoungwa kipande kwa kipande. Wengi walifaulu kwa maombi. Lakini aliposimama mbele akipiga mluzi toni za Kizinza, mkono ukipanda na kushuka kama anafukuza nzi, hata waliokuja kusaini mahudhurio tu walijikuta wanapiga mluzi naye.

Likizo zikifika alivuka kutoka Kigongo kwenda Busisi, tangu enzi za kivuko mpaka hizi za daraja, akaingia ndani hadi kijiji kimoja cha Wasukuma. Alikipenda kwa sababu ya Bernadeta, mjane wa Kizinza aliyeolewa pale. Walikaa jikoni, mama anamenya mihogo, kinasa sauti kimeegemezwa kwenye sufuria. Siku moja kwenye mkutano wa kijiji Dokta akasimama kushukuru, akatangaza kwa furaha kwamba nyumba ya Bernadeta ndiyo pekee pale iliyolea watoto kwa Kizinza. Watu wakapiga makofi. Makofi ya mkutano hayana ubaguzi.

Mwaka huu, kiangazi, wafugaji wa kijiji hicho wakaanza kutumiwa sauti kwenye simu. Mwanamume, anaongea Kisukuma taratibu, anataja rangi ya ng'ombe wako, anataja jina la mtoto wako wa mwisho, kisha anasema, "Lala salama." Ukipiga, namba haipatikani. Kukipambazuka unamkuta ng'ombe amekatwa mishipa ya miguu. Hajaibiwa. Amelala tu, anakutazama.

Ndipo Nkwabi, kamanda wa sungusungu, ule ulinzi ambao wanakijiji hujiwekea wenyewe, akafika ofisini kwa Dokta na wenzake wawili. Odeta, mwanafunzi wa uzamili, alikuwepo.

"Dokta, tulikusikia redioni."

"Mlinisikia vizuri?"

"Vizuri mno." Nkwabi akaweka simu mezani.

"Dokta, hii ni ya polisi," Odeta akanong'ona. "Sikio lako linasikia kijiji, halisikii mtu."

"Na wameomba kijiji, Odeta. Tulia."

Akasikiliza akiwa amefumba macho, kama anayeonja mchuzi. Akarudia. Akarudia tena, na, Mungu amsamehe, alikuwa anafurahia.

"Huyu amekulia kwenu kwenu," akasema. "Ila Kisukuma hakukinyonya. Mama yake ni Mzinza."

Akafumbua macho akitabasamu, akisubiri makofi. Nkwabi alizima simu, akavaa kofia. "Umesema wewe," akajibu, wakatoka bila kuaga.

Viatu vyao viliponyamaza kwenye ngazi, Odeta akauliza, "Dokta, si ni wewe uliyewaambia nyumba ni moja?"

Alimpigia Bernadeta jioni ile, na siku zilizofuata. Simu ilikuwa imezimwa. Jumamosi akawasha gari akavuka.

Watoto waliozoea kulikimbilia gari lake walisimama kwenye ua wa minyaa. Mmoja alivutwa ndani kwa shati.

"Shikamoo mama," Dokta akamwamkia Bernadeta.

"Marahaba, baba. Gari umeliacha wapi?"

"Hapo mlangoni."

"Ungeliacha mbali. Wametutenga."

Ukitengwa na sungusungu, hakuna wa kukusalimia, kukusagia mahindi, kukuchajia simu wala kukubebea maiti. Anayekusaidia anatozwa ng'ombe. Masalu, mwana wa Bernadeta, aliapa mbele ya mkutano kwamba si yeye, na kila alipofungua mdomo watu walitazamana wakitikisa vichwa: umesikia? Mama yake Mzinza. Sasa alishinda nyuma ya nyumba, mgongo ukutani, panga mapajani.

Dokta alimfuata Nkwabi kwenye uwanja wa mikutano. Wanaume walikuwepo tayari, kana kwamba walimtarajia.

"Kamanda, nimekuja kusema nilikosea."

Hakuwahi kulitamka neno hilo maishani. Lilitoka limepinda.

"Ulikosea kijiji?"

"Hapana."

"Ulikosea mama?"

"Hapana, lakini yeyote aliyecheza na watoto wa nyumba ile, aliyechunga nao, anaweza kuongea vile! Sauti si kidole gumba!"

"Redioni hukuongea hivyo, msomi wetu."

Wakacheka kwa pua. Hapo hapo simu ya mzee mmoja ikalia mfukoni. Akaifungua, sauti ile ile ikatoka, taratibu: kuna gari jeupe limeegeshwa kwa mama Masalu, mwenyewe ana miwani. Lala salama.

"Unaona?" Nkwabi akasema. "Anakuona. Nani mwingine yuko kule?"

"Lakini kule hakuna simu yenye chaji! Nyie wenyewe mmewakatalia!"

Dokta akazungusha macho, uso mmoja hadi mwingine. Mmoja wao labda alikuwa anatabasamu. Nyuso zote zilifanana. "Tumemaliza," Nkwabi akasema.

Akatembea hadi dukani njia panda. Jikoni kwa Bernadeta alikuwa ameona mboga ikichemka bila chumvi.

"Nipe chumvi."

"Ya kwako au ya kule?" muuzaji akauliza.

"Ya kwangu."

"Mwanza chumvi imeisha?"

Nyuma yake wanaume wawili wenye fimbo wakaacha kuongea. Dokta akatia mkono mfukoni.

Pakiti ya chumvi pale ni shilingi mia tano. Ikienda kwa Bernadeta, ni ng'ombe.