Nilipokea Simu ya Kazi ya Binti Yangu, Nikaikata

Msimamizi wa ukurasa huu, naomba jina langu libaki kwako. Nina umri wa miaka sitini na sita, ni mwalimu mstaafu niliyefiwa na mke, na ninaishi karibu na Lumino, wilayani Busia, Uganda. Ualimu niliusomea ng'ambo, upande wa Kenya, na ndiko nilikopata Kiswahili ninachoandika hapa. Maisha yangu yote nimewasahihisha watu. Leo aliyekosea ni mimi, na anayeumia ni binti yangu.

Nitamwita Nabwire, ingawa mimi humwita Mama kwa sababu amebeba jina la mama yangu. Ana stashahada ya ugavi na utunzaji wa ghala. Ametafuta kazi miaka miwili. Mwaka wa kwanza alitafuta kwa njia yangu: barua ya kurasa tatu iliyoandikwa kwa mkono, nakala za vyeti, barua ya mwenyekiti wa kijiji na ya kasisi, vyote katika bahasha ya kaki. Alizunguka Tororo nzima akizipeleka. Mlinzi mmoja wa getini alimwambia, "Dada, weka hapa juu ya zingine," na hizo zingine alikuwa amezikalia.

Ndipo Nabwire akaniambia, "Baba, siku hizi mtu anasoma ukurasa mmoja, tena kwenye simu. Akikuta jina la babu na parokia, anapita. Anataka kujua ninaweza kazi gani."

"Na tabia yako ataijuaje?"

"Atanipigia aniulize."

Hapo ndipo nilipokataa moyoni. Kwetu, mtu akimtaka binti kwa jambo lolote huanza na baba yake. Wanaume nisiowajua wampigie mtoto wangu simu kwa sababu gani?

Tulikwenda pamoja kwenye kibanda cha uchapaji mjini Busia. Lazima niseme kweli, alikuwa ameandika vizuri: ukurasa mmoja, kazi anazoziweza zikiwa juu, kila ombi likibadilishwa kidogo kulingana na tangazo lenyewe. Alipotoka kwenda kununua maji, nilimwambia msichana mchapaji aifute namba ya Nabwire na kuweka yangu.

"Mzee, si ni yeye anaomba kazi?" akauliza.

"Wewe chapa."

Laini zetu tulizinunua siku moja, na namba zinatofautiana tarakimu mbili tu za mwisho. Nabwire aliporudi alitazama, akaridhika. Maombi yote aliyotuma tangu siku hiyo yamebeba namba yangu.

Baada ya mwezi mmoja simu iliita nikiwa ninaanika mihogo uani. Kijana mmoja akasema anapiga kutoka ofisi ya wakala wa forodha, Tororo.

"Naongea na Nabwire?"

"Unazungumza na baba yake. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mzee, nipee yeye kidogo. Ni maswali mawili, matatu ya kazi."

"Nimekuuliza, wewe ni wa ukoo gani?"

"Ukoo tena? Mzee, sisi tunatafuta mtu wa stoo!"

"Mnaomtaka binti huja nyumbani, na kabla ya kuja hutuma barua. Hatuzungumzi mambo ya binti njiani."

Nilisikia mtu nyuma yake akicheka: "Muulize ng'ombe ni wangapi!" Kicheko kikaenea ofisi nzima. Nikakata simu. Walipiga tena, sikupokea. Nabwire alikuwa kisimani, na aliporudi sikumwambia neno.

Wiki tatu baadaye alikwenda mwenyewe kuulizia. Alirudi jioni, akaketi bila kuvua viatu.

"Baba, nafasi imechukuliwa. Karani wa mapokezi anasema daftari lao linaonyesha walinipigia mara mbili. Mimi simu yangu haikuita hata siku moja!"

Mtakaosoma na mnaishi mpakani mnajua jinsi simu zetu zinavyonasa mtandao wa Kenya bila kuombwa na kumfanya mtu asipatikane. Uongo ulikuwa tayari, nikauchukua. "Ni mtandao, Mama. Mpakani ndivyo ulivyo."

Aliniamini. Tangu siku hiyo kila asubuhi hutembea hadi kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, mahali mtandao wa Uganda unaposhika, na kusimama pale ameshika simu isiyoweza kuita. Mimi humtazama dirishani. Nimehesabu namba ngeni ambazo sikuzipokea nikidhani ni matapeli. Ni tisa.

Juzi aliniambia, "Baba, labda kasoro ni mimi. Jumatano nakwenda Tiira na wenzangu, kuponda mawe ya dhahabu." Msichana mwenye stashahada. Sikuwa na uso wa kumzuia.

Leo, Jumatatu, simu imeita tena. Mwanamke, sauti ya upole, kutoka ghala la mazao huko Tororo. Safari hii sikuuliza ukoo. Amesema Nabwire afike Alhamisi saa tatu asubuhi na vyeti vyake halisi. Nikajibu, "Atafika." Kisha mwanamke huyo akasema, "Asante, mzee, lakini mwambie aweke namba yake. Wengi wetu tukisikia sauti ya mzazi tunaruka jina."

Vijana mnaosoma hapa, mnapomaliza kuandika, someni namba yenu tarakimu kwa tarakimu, hata kama aliyekaa kando yenu ni baba mzazi.

Nikimpa habari ya Alhamisi, swali lake la kwanza litakuwa: "Wameipata wapi namba yako?" Nikisema kweli, ataijua ile ya Tororo, na zile tisa. Nikidanganya tena, namba itabaki ileile. Nikinyamaza, Jumatano ataondoka. Sasa hivi yuko nje, anafunga nguo zake kwenye gunia. Mlio na mabinti, na ninyi mabinti wenyewe, niambieni: nikitoka kwenda kwake, neno langu la kwanza liwe lipi?