Udongo wa Gilgil Kwenye Gitaa Langu

Fundi niliyekuwa nikimsaidia kazi karibu na stesheni ya Nakuru aliniambia wazi: kabla ya kupaka vanishi, ziba kwanza vitundu vya mbao, na hiyo dawa ya kuzibia uitie rangi ya mbao yenyewe. Siwezi kumlaumu, ingawa alisema hayo akiwa na misumari mdomoni. Nilimsikia vizuri. Nilijiona tu najua zaidi.

Gitaa nililichonga kwa mvule, miezi minne. Binamu yangu, mpigaji wa kweli, aliahidi kulipiga kwenye harusi ya dada yangu, mradi lipendeze. Basi nikachukua ule udongo mweupe laini unaochimbwa kule Gilgil, nikauchanganya na gundi, nikasugua mpaka mbao ikateleza kama shavu la mtoto. Rangi sikutia. Mvule mkavu umepauka, kwa hiyo weupe haukuonekana, nami nikajisifu siku nzima.

Kisha nikapaka vanishi. Mbao ikakolea kama kahawa, na kila kitundu kikabaki cheupe pe.

Binamu akaligeuza, akaligeuza tena.

“Bwana fundi, hili limeota mvi kabla yako.”

“Sauti yake lakini ni nzuri,” nikasema.

“Ni nzuri. Lakini nikisimama nalo mbele ya watu, watanipa kiti nipumzike.”

Harusini alipiga gitaa lake la zamani, lenye ufa. Alipiga vizuri sana, lazima niseme hivyo. Nami nilipiga makofi pamoja na wengine, ila nadhani niliacha mapema kidogo.