Maneno Aliyoambiwa Ng'ombe

Mama yangu, Tusekile, alikaa Rungwe miaka tisa bila kusema neno na baba mkwe wake, na wala hawakuwa wamegombana. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hamtazami mkwewe wala hamtaji jina. Akimwona njiani anakimbilia migombani. Mzee Anyitike alikuwa Mkristo wa kubatizwa, lakini kwa jambo hilo hata mchungaji alinyoosha mikono.

Baba alikuwa migodini Afrika Kusini. Mzee alimpa mama ng'ombe wa maziwa amtunze, kwa sababu mimi nilikuwa mchanga na mwenye kuuguaugua. Sharti lilikuwa moja: majani yakikosekana, ng'ombe anarudi kwa mwenyewe. Mama aliogopa sana, maana bila maziwa yale hakuona kama ningefika mwaka.

Februari 1956 viwavi waliingia kwenye mabingobingo ya mzee, yale majani marefu ya malisho, yaliyopakana na yetu kwa juu. Bwana shamba alimletea mama kopo la dawa ya unga, akaonya kwamba majani yakishapakwa, ng'ombe asiyaguse wiki mbili.

"Na yeye afunge Kwaresima?" mama aliuliza, akamrudishia kopo lake.

Alijua la kufanya tangu kwao: kata majani yote mpaka chini viwavi wangali wadogo, kisha fungulia kuku. Lakini kukata ya kwetu peke yake ilikuwa kazi bure, wakati ya juu yanawalea. Mama mkwe, aliyezoea kupeleka maneno baina yao, alikuwa msibani Kyela.

Basi mama akamfungua ng'ombe, akamvuta hadi mpakani, akaligeuzia mgongo shamba la juu, alikokuwa mzee, na kupaza sauti.

"Wewe ng'ombe, sikia! Viwavi wako shamba la juu! Majani yakatwe leo hii, yote, na kuku wafunguliwe. Wakikua hao, tutakula nini wewe na mimi?"

Mama akadhani ameharibu kila kitu. Mara akasikia mundu wa mzee ukikata huko juu.

Walikata kutwa nzima, kila mtu kwake, wamepeana migongo, kuku wakishiba mpaka kushindwa kutembea. Majani mama aliyapanga darini juu ya moshi, akawa anamlisha ng'ombe akiyachanganya na vipande vya migomba. Baada ya wiki nne mabingobingo yalichipua. Majirani waliomcheka kwa kuongea na ng'ombe walibaki na vijiti vilivyoachwa na viwavi.

Siku moja mzee aliteremka hadi kwetu. Mama alinibeba mbio, tukajificha migombani. Alidhani mzee amekuja kumchukua ng'ombe wake.

Mzee alimpapasa ng'ombe shingoni. "Wewe, kaa hapa hapa," akasema kwa sauti kubwa. "Wewe na wanao wote ni wa huyo mpiga kelele."

Akaondoka zake. Mama alilia humo migombani kwa furaha. Tangu aolewe, hayo yalikuwa maneno ya kwanza mkwewe kumwambia.