Programu Ilipobadilishwa Jina

Mchana ule wa mvua pale Majengo, Mpanda, bado naukumbuka, mwanangu. Nilikuwa kijana wa darasa la saba, mwenye aibu, naandika polepole. Fundi Kashindi, aliyejifunzia kompyuta Tabora, alikuwa akitengeneza programu ya chama cha wafuga nyuki wa Ugalla, nami nilikuwa namwingizia maelezo. Kule kila ukoo huchonga alama yake kwenye mizinga, ili ikishatundikwa porini ijulikane ni ya nani. Mzee Sizya pekee ndiye aliyezijua alama zote, hata ya marehemu kaka yake. Alitutajia na kutuchorea, tukaziingiza kwenye programu, kisha akarudi porini kwa msimu mzima. Bila alama hizo, watu wangegombania mizinga wakati wa kurina asali.

Mwanzoni programu iliitwa Asali. Wanachama wakanung'unika, "Na nta je, nyie hamuioni?" Kashindi akabadilisha jina ndani ya programu, ikawa Nyuki. Tukaifungua. Hakuna alama hata moja.

"Umefuta nini wewe?" Kashindi akaniuliza.

"Sijagusa kitu, kaka."

"Basi nyuki wamehama na mizinga yao!" Alitania, lakini jasho lilikuwa likimtoka. Akataka kufuta kila kitu aanze upya.

Mimi nikajiuliza, kimebadilika nini? Jina tu. Nikasema kwa sauti ndogo, "Hebu irudishie kwanza jina la zamani."

"Tangu lini jina likameza kazi ya watu?" Akacheka, akarudisha. Alama zote zikatokea! Akaweka Nyuki, zikapotea. Tukarudia rudia kama watoto waliookota tochi.

Kumbe programu ikifunguliwa hutafuta folda yenye jina lake, ambamo kazi yote huhifadhiwa. Isipoiona, hutengeneza mpya, tupu.

"Ni kama mtu abadilishe alama leo," nikasema. "Mizinga iliyoko porini bado ina ile ya zamani."

Kashindi akaingia kwenye folda ya Asali, akanakili yote kwenye ya Nyuki. Mzee Sizya aliporudi na nta yake, aliiona alama ya marehemu, akaigusa kwa kidole pale kwenye kioo cha kompyuta.

Kwa hiyo, mwanangu, chagua jina la programu mapema. Ukilazimika kulibadilisha, hamisha kwanza vilivyohifadhiwa kwa jina la zamani. Na ukikuta patupu, usikimbilie kufuta, jiulize umebadilisha nini. Mungu akupe mkono mtulivu, na kila ulichokiweka ukikute.