Mahali Maji Yalipoishia

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka natamani kujifunika khanga usoni, hata kama niko peke yangu jikoni na hakuna anayenitazama. Ilikuwa kiangazi. Nilikuwa msichana wa shule ya masista, nimevaa soksi nyeupe nilizozifua mwenyewe, na bibi yangu mzaa baba alinichukua nimsindikize bondeni kuchimba udongo. Bibi alikuwa mfinyanzi wa vyungu.

Wewe unalijua bonde lile kwa mahindi na maharage. Zamani, kabla wakoloni hawajafika huku Ufipa, lilikuwa kinamasi, matete matupu, maji yasiyokauka hata jua likiwaka namna gani. Baadaye akaja mzungu mmoja aliyetaka kulima ngano, akawatumikisha watu kuchimba mtaro, maji yakatoka. Bibi alikuwa binti mdogo wakati huo na aliyaona yakiondoka. Udongo wake wa vyungu, ule mweusi unaonata, aliuchimba ukingoni kabisa mwa kinamasi hicho cha zamani. Ukivuka ukingo, unakuta udongo mwekundu ambao haufai hata kwa kifuniko cha chungu.

Basi siku hiyo aliingia shimoni mpaka kiunoni, akaniita. "Njoo uone. Maji yaliishia hapa."

Mimi nilikuwa nimesimama barabarani na kikapu, nikiogopa wenzangu wa shule watapita wanikute na matope. Nikamjibu, "Naona kutoka hapa, Bibi."

Sikuona kitu. Niliona mgongo wake tu.

"Miguu yako ni ya nani," akaniuliza bila kuinua kichwa, "mpaka isiguse udongo?" Akaendelea kuchimba. Kila kiangazi aliniita, na kila kiangazi nilikuwa na sababu: mara soksi, mara kichwa kinauma, mara mafundisho ya kipaimara. Bibi akafariki, mashimo yake yakajifukia, barabara ikahamishwa, watu wakalima juu yake hata nisikumbuke yalikuwa wapi. Wakati huo mimi nilikuwa mwalimu tayari, nikiwafundisha watoto wa kijiji hiki majina ya mito ya Ulaya.

Lakini hiyo ya soksi ni aibu ya kitoto. Aibu yenyewe niliipata nikiwa na mvi kichwa kizima, na ndiyo iliyonifanya nikuite uketi hapa.

Unajua jinsi kijito chetu kinavyokauka mapema siku hizi. Kijiji kilikutana na kukubaliana kwamba ardhi yote iliyokuwa kinamasi tangu asili iachwe, mtaro uzibwe, matete yaote tena ili maji yatulie. Ambaye shamba lake litaangukia ndani ataliacha, atafute pa kulima kule juu kwenye mawe. Kwa hiyo ilibidi kwanza kujua kinamasi kilifika wapi kabla ya ule mtaro. Wakaja vijana na vishikwambi vyao kuchora ramani. Kiongozi wao alikuwa Deo, mtoto wa hapahapa aliyekwenda kusoma mjini.

Aliyeyaona yale maji kwa macho yake hakuna tena. Wakaja kwangu. Na kwa nini wasije? Kwenye harusi, kwenye misiba, darasani, miaka yote nilikuwa nikijisifu kwamba bibi yangu alikuwa mfinyanzi wa bondeni na kwamba bonde lile nalijua kama kiganja changu.

"Shikamoo, Mwalimu," Deo akasema. "Tunaambiwa wewe ndiye pekee uliyebaki."

Niliitikia marahaba kwa madaha. Ah, mwanangu, ukiambiwa umebaki wewe tu, jihadhari, maneno hayo ni matamu kuliko asali. Nikachukua fimbo nikatangulia mbele, kundi zima nyuma yangu. Nilinyoosha fimbo nikasema hapa. Nikatembea, nikasema hapa. Deo alibonyeza kishikwambi chake na mstari wa buluu ukazidi kurefuka. Pengine nilipandisha, pengine nilikata kona, yote kwa ile sauti yangu ya darasani ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuiuliza swali.

Tukafika kwa Skolastika. Yule mama ni mjane, ana watoto wadogo, na hana shamba jingine zaidi ya lile. Fimbo yangu ilipita upande wa juu wa shamba lake, maana yake shamba lote lilikuwa ndani ya kinamasi.

"Mwalimu," akaniuliza taratibu, "una hakika?"

"Kwani aliyekuwa na bibi mfinyanzi ni mimi au ni wewe?"

Watu wakacheka. Skolastika naye akacheka, kwa heshima tu. Kisha akainama akaanza kung'oa magugu kwenye maharage yake, katika shamba ambalo nilikuwa nimemnyang'anya hivi punde.

Nilirudi nyumbani nikapika ugali wa ulezi, nikauacha sahanini. Nilimwona yule mama ameinama, na mgongo wake ukawa wa Bibi. Nikasikia sauti yangu mwenyewe, ya kitoto na ya kiburi: naona kutoka hapa.

Asubuhi nikaenda ofisi ya kijiji. Deo alikuwa anawaonyesha watu ramani, Skolastika amekaa nyuma karibu na mlango.

"Deo, futa," nikasema. "Sijui."

Alidhani nimechoka. "Kaa kwanza, Mwalimu, upumzike."

"Sijachoka. Sijui maji yaliishia wapi. Bibi alikuwa ananiita anionyeshe, mimi nikabaki barabarani naogopa kuchafuka. Jana nilikuwa nabahatisha."

Mzee mmoja niliyemfundisha kusoma alitazama viatu vyake. Nilitaka ardhi ipasuke. Nikajilazimisha kuwaambia kile kidogo nilichokuwa nakijua kweli, kwamba udongo mweusi unaonata ni ndani na mwekundu ni nje, na kwamba lazima ardhi yenyewe ifunuliwe.

"Tunacho chuma cha kutobolea ardhi," Deo akasema kwa sauti ndogo. "Hatukukitumia kwa sababu tulikuwa na wewe."

Mwanangu, nimewahi kutukanwa, tena matusi makubwa. Hakuna lililoniingia kama hilo.

Tukarudi bondeni. Walitoboa kwa Skolastika, ukatoka mwekundu. Wakasogea, mwekundu, mpaka kwenye kona moja tu ya chini karibu na mtaro, ndipo ukatoka mweusi. Shamba lake karibu lote lilikuwa nchi kavu tangu zamani. Kisha wakaja kwenye shamba langu, lile alilonigawia baba, ambalo mstari wangu ulikuwa umelizunguka vizuri na kuliacha nje. Chuma kikazama na kupanda na udongo mweusi, wenye unyevu, unaonata. Wakatoboa katikati, mweusi. Wakatoboa karibu na ua wa nyumba yangu, mweusi. Bibi alikuwa akichimba palepale, na mimi nimepanda mahindi juu ya mashimo yake maisha yangu yote bila kujua.

Sikukusudia, nakuapia. Lakini fimbo yangu ilijua pa kupita. Ilimchukulia mjane shamba lake, langu ikaliacha, nami nikaona ni sawa kabisa. Hakuna aliyenisema. Heri wangenisema.

Shamba nimeliacha. Matete yameanza kuota na vyura wanapiga kelele mpaka nakosa usingizi. Siku watu walipokuwa wanaandaa mashamba, Skolastika alikuja kwangu. Akapiga magoti kidogo na makofi mawili madogo, kama kawaida yetu. "Shikamoo, Mwalimu. Nimekuachia matuta kule kwangu. Uje upande maharage yako."

Nikaitikia, nikachukua jembe nikamfuata. Maharage uliyokula leo, mwanangu, yametoka huko.

Kwa hiyo nisikilize. Mkubwa wako akikuita uone kitu, shuka mpaka alipo, acha soksi zichafuke, zitafuliwa. Ukiulizwa usilolijua, sema sijui, na uliseme mapema, kabla hujanyoosha fimbo juu ya riziki ya mtu. Na siku ukiwa wewe ndiye mwenye kishikwambi, tuamkie sisi wazee, tusikilize, tena tupende, lakini ardhi itoboe vilevile. Tunakisia zaidi ya tunavyokiri, na tukikisia, mara nyingi mashamba yetu yanapona.

Mungu akupe miguu isiyoogopa matope. Akupe moyo wa kusimama mbele za watu na kusema umekosea, na sauti isikukauke. Akujalie jirani kama Skolastika, ingawa nakuombea usije ukamhitaji kwa namna niliyomhitaji mimi.